Shamba la shule lifike kwenye sahani ya mtoto

Siku za soko, kabichi, vitunguu na viazi huteremshwa kutoka Mlima Elgon kwenda Kimilili na Chwele, na kutoka huko hadi miji ya mbali. Lakini ingia shule nyingi za huku kwetu Kapsokwony saa ya chakula cha mchana, utakuta githeri ya mahindi na maharagwe, leo, kesho na keshokutwa, bila jani hata moja la mboga. Mimi hufundisha Kilimo na Lishe, na nasema wazi: kazi ya shamba la shule haijakamilika mpaka mavuno yaingie kwenye sufuria ya shule.

Sera tunazo tayari. Vilabu vya 4-K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilianza mwaka wa 1962 na serikali ikavizindua upya mwaka wa 2021. Mtaala wa umilisi nao umekifanya kilimo kuwa somo la darasani kuanzia Gredi ya Nne. Kasoro iko kwetu sisi wenyewe. Kwingi, mtoto hushika jembe kwa sababu amechelewa au amepiga kelele darasani. Anapalilia sukuma wiki kama mfungwa, kisha mavuno yanauzwa asijue yalikokwenda. Mtoto kama huyo atalipendaje shamba?

Lakini shamba linaweza kuwa darasa. Chukua mboga ya managu peke yake. Wanafunzi huleta matunda yaliyoiva kutoka nyumbani, wakayaponda ndani ya maji. Nyama ya tunda huelea na mbegu huzama. Huzikausha kivulini, kisha huzichanganya na mchanga kabla ya kusia, maana ni ndogo mno na zikimwagwa hivi hivi zitaota zikisongamana. Baada ya wiki kadhaa tunachuma ncha tu, ili mmea utoe matawi mapya. Kila mchumo tunaupima kwa mizani na kuuandika daftarini. Hapo sayansi na hisabati zimo.

Halafu tunakwenda jikoni. Wakati mmoja msichana aliniuliza, “Mwalimu, mbona nyumbani maji ya managu tunayamwaga?” Tunayamwaga kwa sababu ya uchungu, nikamjibu, lakini sehemu ya vitamini huondoka nayo. Tukapika managu pamoja na mboga ya terere, tukatia maziwa kama wafanyavyo nyanya zetu, na uchungu ukapungua. Darasa likajifunza pia kwamba mafuta kidogo husaidia mwili kupokea vitamini A, kwamba nyanya husaidia madini ya chuma ya mboga yaingie mwilini, na kwamba chai inayonywewa pamoja na chakula huyazuia. Hayo mtoto huyapeleka nyumbani jioni ile ile.

Wapo wazazi wanaoniambia, “Mwalimu, nimemleta mtoto asome, kulima tunalima nyumbani.” Nawaheshimu, maana karo wanailipa kwa jasho la shamba hilo hilo. Ila kulima pekee hakumlishi mtoto vizuri. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka wa 2022 ulionyesha kwamba kati ya kila watoto 100 wa Kenya walio chini ya miaka mitano, 18 wamedumaa. Udumavu huo unapatikana hata katika maeneo yenye mvua na ghala za mahindi, kwa kuwa tumbo lililojaa ugali bado linaweza kukosa lishe.

Kwa hiyo, walimu wakuu, liondoeni jembe kwenye orodha ya adhabu. Bodi za shule, tengeni sehemu ya mavuno iende jikoni kabla ya chochote kuuzwa. Serikali ya kaunti, leteni maafisa wa kilimo shuleni, na mtulipie mafunzo sisi walimu. Hatuhitaji kwenda mbali: kituo cha Manor House, karibu na Kitale, kimekuwa kikifundisha kilimo cha mboji kwenye vipande vidogo vya ardhi tangu mwaka wa 1984.

Nawe mzazi, muhula ujao ukihudhuria mkutano wa shule, simama uulize maswali mawili: shamba letu lilitoa nini, na ni nani aliyekula?