Mzigo ukiwa baharini, usikae ukipiga ramli

Msomaji, unapoingia Eastleigh kununua kanzu ya Idi, mapazia au sare ya mtoto anayerudi shuleni, huulizi nguo hiyo ilipitia wapi. Unauliza bei, unaomba upunguziwe, unalipa na kwenda zako. Lakini siku unapoambiwa, "Mama, rudi wiki ijayo, mzigo haujafika," ndipo unapotambua kwamba kati ya kiwanda na mfuko wako kuna safari ndefu yenye milango mingi. Mlango mmoja ukifungwa, wewe ndiwe unayeumia.

Wataalamu huiita safari hiyo mnyororo wa ugavi. Jina ni zito lakini maana yake ni nyepesi: ni mikono yote ambayo bidhaa hupitia kutoka kwa aliyeitengeneza hadi kwa anayeitumia. Leo tuutazame mnyororo huo hapo Eastleigh, na tujiulize swali moja. Je, simu na kompyuta zimeuimarisha kweli, au zimetuwezesha tu kupata habari mbaya mapema?

Tuanzie nyuma kidogo. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991, Wasomali wengi walikimbilia Kenya, na wengi wao wakaja kuishi Eastleigh. Nyumba ya wageni iliyoitwa Garissa Lodge ikageuka kuwa soko. Vyumba vya kulala vikawa maduka ya nguo na vyombo vya umeme kutoka Dubai. Mfanyabiashara wa siku hizo hakuwa na simu ya mkononi. Alikuwa na jamaa ng'ambo, alikuwa na hawala ya kupelekea fedha, na alikuwa na jina jema. Aliyevunja ahadi hakukopeshwa tena. Uaminifu ndio uliokuwa mtambo wake.

Mambo yamebadilika. Tangu M-Pesa ilipoanza Machi 2007, malipo yaliyohitaji mtu kubeba bunda la noti sasa hupita kwenye simu. Tangu 2018, garimoshi la reli mpya huleta makontena kutoka Mombasa hadi bandari kavu ya Embakasi. Mfumo wa dirisha moja unaosimamiwa na shirika la KenTrade, uliozinduliwa rasmi 2014, ulimwezesha wakala wa forodha kuomba vibali vya idara mbalimbali kwa kompyuta, badala ya kuzunguka na faili kutoka ofisi moja hadi nyingine.

Lakini jambo ambalo wengi hawalijui ni hili: hata wewe, mwenye simu ya kawaida ya intaneti, unaweza kuufuata mzigo baharini. Tangu mwisho wa 2004, meli kubwa zinazosafiri kati ya nchi na nchi zinatakiwa kuwa na chombo kinachotangaza jina la meli, mahali ilipo na mwendo wake. Habari hizo huonyeshwa kwenye ramani. Kontena nalo lina namba yake ubavuni: herufi 4 na tarakimu 7. Wanafunzi wa hesabu mtapenda kujua kwamba tarakimu ya mwisho hupatikana kwa kukokotoa zile za mbele pamoja na herufi. Karani akikosea kunakili, kompyuta huweza kumkamata papo hapo.

Faida ya kujua ni nini? Kumbuka Machi 2021, meli Ever Given ilipokwama katika mfereji wa Suez kuanzia tarehe 23 hadi 29. Kumbuka pia mwisho wa 2023, Wahouthi wa Yemen walipoanza kuzishambulia meli katika Bahari ya Shamu, na kampuni kubwa za meli zikaamua kuzunguka Afrika yote kupitia Rasi ya Tumaini Jema. Bidhaa za China haziji Mombasa kwa njia hiyo. Huvuka Bahari ya Hindi moja kwa moja. Bali mapazia na suti za Uturuki zinazokuja kwa meli, njia yake fupi ni Suez. Kwa hiyo aliyejua bidhaa yake hupita wapi alitambua mapema ni rafu gani itakayobaki tupu. Asiyejua alikaa akipiga ramli.

Hata hivyo, msomaji, hapa ndipo penye kidonda. Mitambo hii huliona kontena, haimwoni mama aliyeweka katoni zake ndani.

Wafanyabiashara wadogo hawawezi kujaza kontena la futi 40 peke yao. Humpa mizigo yao wakala anayekusanya ya watu wengi na kuisafirisha pamoja. Utaratibu huo ni mzuri, na bila huo maduka mengi ya Eastleigh yasingekuwapo. Lakini mara nyingi hati kuu ya shehena huwa na jina la wakala tu. Mmoja kati ya wenye mizigo akificha bidhaa zisizoruhusiwa, au akidanganya thamani, kontena zima huzuiliwa. Siku za kuhifadhi bila malipo zikiisha, ada huanza kuhesabiwa.

Sasa mchukue mama mwenye kibanda cha sare, aliyekopa kwenye chama na kupokea malipo ya awali ya wazazi. Shule zinafunguliwa Jumatatu. Anaweza kuona kwenye simu kwamba kontena limefika Embakasi, lakini hana hati ya kusimama nayo mbele ya afisa na kusema, "Hizi katoni 20 ni zangu." Anaona, lakini hawezi kugusa. Wakopeshaji wake hawatalipwa kwa ramani.

Somo hilo hata wakubwa wamelipata. Mwaka 2018, kampuni za Maersk na IBM zilitangaza TradeLens, mfumo wa kuweka hati za makontena ya dunia mahali pamoja, kwa namna ambayo hakuna mtu angeweza kuzibadilisha kisirisiri. Mwishoni mwa 2022 zikatangaza kwamba mfumo huo ungefungwa, na 2023 ukafungwa. Sababu waliyoitoa ni kwamba ushirikiano wa sekta nzima haukupatikana. Mtambo hauwezi kuwaunganisha watu wasiotaka kuunganishwa.

Tena kuna milango ambayo simu haiwezi kuifungua. Tarehe 6 Mei 2020, kwa sababu ya korona, serikali ilipiga marufuku kuingia na kutoka Eastleigh, na marufuku hiyo ikaendelea hadi mapema Juni. Fedha ziliweza kuvuka kwa M-Pesa, lakini robota la nguo halikuweza. Katika hali kama hiyo anayepona ni yule aliyeweka sehemu ya mali yake mtaa mwingine.

Basi tufanye nini? Kwanza, mfanyabiashara mdogo asimlipe wakala kabla ya kupewa hati yenye jina lake, idadi ya katoni na uzito, na meli ikipakia apewe namba ya kontena na jina la meli. Karatasi hiyo ina thamani kuliko ramani yoyote. Pili, aulize wenzake katika kontena hilo ni akina nani. Tatu, asitegemee mlango mmoja: awe na fundi wa hapa Nairobi anayeweza kushona sare mzigo ukichelewa, hata kama faida itapungua. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Ni kweli, lakini moja ikimponyoka hubaki na nyingine.

Nawe mzazi, usingoje wiki ya mwisho ya likizo ndipo ukanunue. Nanyi wanafunzi, kama mama au baba ana duka, ketini naye jioni moja mumwonyeshe jinsi ya kuifuata meli kwa simu. Kisha mwulize, "Na ukiona imechelewa, utafanya nini?" Akiwa na jibu, simu hiyo imemsaidia. Akikosa, mtafuteni jibu pamoja kabla meli haijang'oa nanga.

Mababa wa Garissa Lodge walikuwa na uaminifu bila mitambo. Sisi tuna mitambo; tusiuache uaminifu ukatuponyoka. Jumapili njema.