Waraka kwa Wanachama: Sato Abaki Bwawani

KWA: Wavuvi na wafugaji samaki wote, Kilwa na Lindi
KUH: Kupandikiza vifaranga vya sato ziwani

Ndugu wanachama,



Mvua zikikaribia, wengi wetu hutafuta vifaranga vya sato. Kabla hujamimina hata ndoo moja ziwani, soma waraka huu, na umsomee mwenzako.

Perege wa maziwa yetu ya Rutamba, Nambawala na Mitupa ni wa ukoo wa perege wa Korogwe, lakini si walewale. Watafiti waliowabaini kati ya 2013 na 2016 walipima vinasaba vyao, wakakadiria kuwa walitengana na ndugu zao wa Mto Zigi, Tanga, yapata miaka 140,000 iliyopita. Katika maziwa hayohayo matatu walikuta pia machotara wa perege na sato.

Tusidhani sato anamshinda perege kwa ukubwa wake tu. Samaki akihamishwa, vimelea vyake vingi hubaki kwao: mnyoo unaohitaji konokono fulani na ndege fulani ili ukue hauwezi kuendelea pasipo hao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 uliangalia aina 26 za wanyama waliohamia ugenini, wakiwemo samaki. Kwao, kila aina ilikuwa na wastani wa aina 16 za vimelea. Ugenini 3 tu ndizo zilizowafuata, na 4 waliziokota hukohuko. Mgeni anaingia ametua mzigo, mwenyeji bado ameubeba wake wote.

Na hivyo vichache vinavyomfuata ndivyo vya kuogopa. Minyoo midogo ya kwenye mashavu haihitaji konokono. Hutoka samaki mmoja hadi mwingine. Ng'ambo ya bahari yetu, Madagaska, iliripotiwa mwaka 2019 kuwa minyoo ya jamii ya sato walioletwa imehamia kwa samaki wa asili wa kisiwa hicho. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa mgeni huyu, mwenyeji huugua.

Kwa hiyo nawaomba:

1. Mtu yeyote asipandikize sato ziwani, mtoni wala kwenye kinamasi.
2. Bwawa lichimbwe mbali na njia ya mafuriko, na mdomo wa kutolea maji uzibwe kwa wavu wa matundu madogo.
3. Maji ya bwawani yasimwagwe ziwani. Nyavu na ndoo zianikwe juani mpaka zikauke kabisa.
4. Ukiona samaki ana vidonda au mashavu yamepauka, mwite afisa uvuvi mapema.

Ufugaji wa sato ni riziki ya halali na hakuna anayewazuia. Mahali pake ni bwawani. Chotara akishazaliwa ziwani, hakuna wavu unaoweza kumchambua. Perege huyu tumemkuta. Tumwachie na mjukuu wetu amkute.

Wenu katika kazi,
Katibu