Jina la Nyumbani



Juma hili napenda tuzungumze juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu analo, lakini wachache hulitunza: nalo ni jina la nyumbani. Sisemi jina la wilaya wala la tarafa. Nasema lile jina la kilima, au la bonde, au la kijito, ambalo mama yako alilitaja alipoulizwa mwanawe amezaliwa wapi.

Huenda mtu akasema, "Karani, jina litanipa nini? Halinunui chumvi." Ni kweli, halinunui chumvi. Lakini tutazame kwanza mfano mmoja unaojulikana na Watanzania wote, kisha turudi kwetu Buha.

Mwalimu Julius Nyerere alizaliwa Butiama, katika nchi ya Wazanaki, mwaka 1922. Baba yake alikuwa Mtemi Nyerere Burito, na mama yake Mugaya Nyang'ombe. Alibatizwa mwaka 1943, akafundisha shule ya Mtakatifu Maria kule Tabora, akasoma Edinburgh, akarudi akafundisha Pugu, kisha akawa kiongozi wa nchi. Alikaa na wakubwa wa dunia, akaona miji mikubwa. Alipoacha urais mwaka 1985 alirudi Butiama kulima. Alipofariki London tarehe 14 Oktoba 1999, alirudishwa kuzikwa nyumbani kwao, karibu na makaburi ya wazazi wake. Na mahali hapo panaitwaje? Panaitwa Mwitongo.

Sikio la Muha halihitaji mkalimani kwa neno hili. Itongo ni mahali palipokuwa na mji wa watu, wakahama; kwa Kiswahili twasema mahame. Basi Mwitongo maana yake ni "katika mahame." Fikirini, wasomaji wapenzi: kiongozi mkubwa kama yule, na jina la kwao ni mahame! Wengine wangeona haya. Wangesema, "Tutafute jina la fahari, lifanane na cheo chetu." Lakini jina halikubadilishwa. Leo wageni kutoka mbali hufika Butiama kutazama nyumba ya makumbusho iliyofunguliwa mwaka 1999 na kusali kaburini, maana tangu mwaka 2005 Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu. Nao wote hulitamka neno la Kizanaki ambalo lilianza vinywani mwa watu wachache wa kijijini. Mahame yamekuwa jina la heshima, kwa kuwa kuna mtu aliyeyapenda.

Sasa turudi kwetu. Hapa Kibondo na Kasulu matongo ni mengi, na hayakuja kwa bahati mbaya tu. Katika miaka ya 1930 ugonjwa wa malale uliwasumbua sana wazee wetu. Mbung'o walijaa porini, na Serikali ya Mwingereza ikawahamisha watu kutoka miji yao iliyotawanyika msituni, ikawakusanya mahali pamoja palipofyekwa. Tena katika miaka ya 1970 ikaja Operesheni Vijiji. Watu wakashuka kutoka vilima vyao, wakajenga kwa mistari kando ya barabara, karibu na shule na zahanati. Historia ina mambo yake: yule aliyeipenda Mwitongo ndiye aliyekuwa Rais wakati babu zetu walipoacha matongo yao. Si kazi yangu leo kuhukumu jambo hilo. Wako waliopata shule na maji kwa ajili yake, na wako waliolia kwa kuacha migomba yao. Mara nyingi walikuwa ni watu wale wale.

Ninachotaka kusema ni hiki. Watu walipohama walibeba majembe, mitungi, kuku na watoto. Majina ya vilima hawakuweza kuyabeba kichwani. Yalibaki katika kumbukumbu za wazee, na wazee wanaondoka mmoja mmoja. Ukienda leo kwenye itongo utaona mwembe mmoja, mafiga yaliyozama udongoni, na mti wa ua uliokua ukawa mti mkubwa. Mwembe utakuambia kwamba watu walikaa hapa. Lakini mwembe hausemi paliitwaje.

Je, jina la mahali pasipokaa mtu laweza kuishi? Laweza, likipewa kazi. Upande wa Kibondo yuko mzee mmoja mfuga nyuki. Ninyi nyote mwajua asali ya Kibondo ilivyo na sifa, na jinsi watu wetu walivyozoea kutundika mizinga katika misitu ya miyombo. Mzee huyu hafugi kwa biashara kubwa. Ana mizinga michache tu, na furaha yake kubwa ni daftari. Humo huandika mti gani umechanua na lini, mzinga gani umeingiwa na nyuki, upi umeshambuliwa na siafu, na asali iliyopatikana ni debe ngapi. Juu ya jalada ameandika jina moja tu. Nilidhani ni jina lake la Kiha. Nilipomwuliza, alicheka.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Hilo ni jina la kilima cha kwa mama yangu. Mzinga wa kwanza niliouona maishani ulitundikwa na mjomba wangu pale. Nilipomaliza kuandika ukurasa wa kwanza, nikajiuliza daftari hili niliiteje. Nikaona kwamba yote niliyoandika yalianzia pale."

"Na siku hizi nani anakaa pale, Mzee?"

"Hakai mtu. Watu wa kijiji cha jirani wanalima mihogo. Kwa hiyo nakuomba, usiliandike gazetini. Wasije wakadhani nadai shamba. Mimi sidai kitu. Nalikumbuka tu."

Nimeitii haja yake. Lakini tazameni lililotokea. Wajukuu wake walipojifunza kusoma, walisoma jina lile kwenye jalada, wakauliza, "Babu, huyu ni nani?" Ikambidi aeleze: kilima, kijito, nyumba ya msonge ya bibi, ua, na mjomba akipanda mti wakati wa jioni na moshi mkononi. Akaeleza mara moja, akaeleza mara kumi. Majirani nao wakaanza kuiita asali yake kwa jina lile. Sasa watu ambao hawajafika pale, wala hawatafika, hulitaja sokoni. Itongo halina nyumba hata moja, lakini jina lake linatembea.

Wasomaji wapenzi, jambo hili si geni katika imani yetu. Bwana wetu Yesu Kristu alizaliwa Betlehemu, mji wa Daudi, mji wenye sifa katika Maandiko. Angeweza kuitwa kwa jina la mji huo. Lakini alilelewa Nazareti, kijiji kidogo ambacho Nathanaeli alishangaa kusikia kwamba chaweza kutoa kitu chema. Na watu walimwitaje? Yesu wa Nazareti. Hata Pilato alipoandika anwani ya msalaba, kwa Kiebrania, Kilatini na Kigiriki, jina la kijiji kile lilikuwamo. Nyumbani pa Yosefu seremala paliandikwa juu ya msalaba kwa lugha tatu. Basi mkristu anayeona haya kutaja kijiji chake kwa kuwa ni kidogo, na akumbuke Nazareti.

Watakatifu nao vivyo hivyo. Twamwita Fransisko wa Asizi na Teresa wa Avila, kwa jina la miji yao. Mtakatifu Antoni alizaliwa Lisbon, katika Ureno, lakini sisi twamwita Antoni wa Padua, kwa jina la mji wa Italia alikofanya kazi na kuzikwa. Hapo tunajifunza jambo jingine: nyumbani palipo pendwa si lazima pawe pale ulipozaliwa. Mwanamke aliyeolewa mbali, mtoto aliyelelewa kwa shangazi, mtu aliyefika ugenini akapokelewa vema, hao wote waweza kuwa na nyumbani pa moyo.

Nasema hivi pia kwa ajili ya jirani zetu. Tangu mwaka 1996 iko kambi ya Nyarugusu katika wilaya ya Kasulu, na watu waliokimbia vita vya Kongo wamezaa na kuzika pale. Ukisikia mama mmoja akimwita binti yake kwa jina la kijito cha kwao ng'ambo ya ziwa, usimcheke. Wana wa Israeli kule Babeli walifanya kosa gani walipoikumbuka Sayuni?

Sasa niseme neno kutoka mezani pangu, maana kazi yangu ni kuandika vitabu vya parokia. Mzazi akileta mtoto kwa ubatizo nauliza, "Amezaliwa wapi?" Zamani, ukifungua vitabu vya kale, unakuta jina la kilima. Siku hizi wengi hujibu, "Kibondo," au, "Kasulu," wakanyamaza. Nikiwauliza tena, vijana hutazamana. Hawajui.

Je, wilaya ni jina imara kuliko kilima? Hata kidogo. Mwaka 2012 Kakonko ilitengwa na Kibondo, na Buhigwe ikatengwa na Kasulu. Mtu aliyezaliwa Muhange mwaka 1980 vitabu vyasema ni wa wilaya ya Kibondo. Mdogo wake aliyezaliwa katika nyumba ile ile baada ya mgawanyo ni wa Kakonko. Wakati wa Mwingereza wilaya zetu zilikuwa katika Jimbo la Magharibi, na makao yake yalikuwa Tabora. Babu aliyezaliwa hapa mwaka 1910 alizaliwa chini ya Mjerumani. Mbelgiji akaja mwaka 1916 na kukaa hadi 1921. Kisha Mwingereza hadi Uhuru wa mwaka 1961. Babu huyo hakuhama hatua moja, lakini bendera nne zilipepea juu yake. Kitu kimoja hakikubadilika: kilima kiliitwa vile vile.

Tena sisi tunaokaa mpakani twajua uzito wa jambo hili. Mtu akienda kuomba kitambulisho cha taifa, huulizwa baba yake alizaliwa wapi, na babu yake wapi. Anayejibu bila kusita, akataja kilima, na kijito kilicho chini yake, na wazee waliokaa hapo, maneno yake yana nguvu. Anayejibu, "Sijui, nasikia ni huko Kasulu," anajitia mashakani mwenyewe. Waliosema kwamba mwacha asili ni mtumwa hawakukosea.

Basi nawashauri mambo manne.

Kwanza, waulizeni wazee. Majina yetu mengi husema yenyewe. Hapa Kibondo tuna Kumsenga, Kumwambu, Kumkugwa na mengine mengi yaanzayo na Ku, maana yake "kwenye." Kwenye nini? Muulize bibi, atakuambia. Usingoje hadi siku ya matanga.

Pili, andikeni. Kila nyumba ya kikristu iwe na daftari moja, liwekwe pamoja na cheti cha ndoa na vyeti vya ubatizo. Andika jina la kilima cha baba na la kilima cha mama pia. Kilima cha mama ndicho husahauliwa upesi.

Tatu, mnapokuja kubatiza, njoni na jina la mahali kamili. Karani atafurahi, wala hatawaona kuwa wasumbufu.

Nne, lipeni jina hilo kazi. Ukianzisha bustani, au kikundi cha akina mama, au duka dogo, au ukifuga nyuki kama yule mzee, usikimbilie majina ya ng'ambo yaliyoandikwa kwenye fulana. Tazama kwanza kule ulikotoka.

Lakini sikieni onyo. Jina la nyumbani si hati ya shamba. Itongo la babu yako huenda leo linalisha watoto wa mtu mwingine, naye alipewa kwa haki. Mzee wa Kibondo ametufundisha hilo: alilibeba jina, akaliacha shamba kwa wanaolilima. Anayechukua jina la babu ili kwenda kuchomoa mihogo ya jirani, huyo amemtukana babu.

Jumapili hii, baada ya Misa, msiondoke upesi. Mwone mzee mmoja au bibi mmoja wa ukoo wenu, umkalishe kivulini, umwulize, "Babu, kabla ya kuhamia hapa, kwetu paliitwaje?" Uwe na kalamu mkononi. Mkimaliza, mwombeeni sala waliolala katika itongo lile, maana nao wako nyumbani kwao, wanangoja ufufuko.

Tukijaliwa, tutaonana juma lijalo.

Karani wenu