Swichibodi ya ofisi isiachiwe fundi peke yake

Mfanyabiashara wa Mabatini hupitia bei za mali zake kila wiki, lakini swichibodi ya ofisi hupangwa siku ya kufungwa tu, kisha husahaulika. Hapo fedha huvuja bila kelele.

Swichibodi haifikiri. Hufuata jedwali aliloliingiza fundi. Tarakimu ya kwanza, mara nyingi 9, huomba laini ya nje. Zinazofuata huamua simu ipite laini gani na nani aruhusiwe kupiga. Jedwali likichakaa, simu hupita njia ya ghali au haipiti kabisa.

Tuanze na 068. Katika miaka ya 1990 hiyo ilikuwa namba ya utangulizi ya Mwanza. Leo Mwanza ni 028, na 068 ni ya simu za mkononi za Airtel. Mtambo wa mkono wa pili wenye jedwali la zamani utamhesabu mteja huyo kuwa simu ya hapa hapa mjini.

La pili linagusa biashara ya Ziwa. Mpango wa namba wa Tanzania uliitenga Kenya kwa 005 na Uganda kwa 006, huku nchi nyingine zikipigwa kwa 000. Tajiri akiagiza simu za nje ya nchi zizuiwe, fundi mwenye haraka hufunga kila namba inayoanza na 00. Bili itashuka, lakini muuza samaki hatampata mnunuzi wa Kisumu wala Kampala. Akifunga 000 peke yake, Kenya na Uganda zitabaki wazi hata kwa simu ya getini.

Tatu, tangu Machi 2017 mteja anaweza kuhama mtandao bila kubadili namba. Kwa hiyo kuchagua laini ya bei nafuu kwa kutazama 075 au 078 si hesabu ya uhakika tena. Bili ndiyo shahidi.

Wapo wanaosema kila mfanyakazi ana simu ya mkononi, swichibodi ya nini? Kwa duka la mtu mmoja wana haki. Lakini mteja aliyezoea namba ya karani humfuata karani siku anapoacha kazi. Namba ya ofisi hubaki na ofisi.

Ushauri wetu ni huu. Mwenye biashara adai jedwali kwa maandishi, abadili nywila iliyotoka kiwandani, na kila miezi 3 alilinganishe jedwali hilo na bili. Karani wa mauzo apewe 005 na 006. Simu ya getini isipewe. Namba ya dharura, 112, iwe wazi kwa simu zote. Kupanga ni kazi ya fundi. Kuamua ni kazi ya mwenye mali, kwani bili huja kwa jina lake.