Mradi usiokaa hewani si mradi

Wadau, leo nina neno na wahadhiri na wanafunzi wa kompyuta, hasa wa huku kwetu Pwani.

Kilifi ina chuo kikuu chake. Pwani ilianza mwaka 2007 kama chuo kishiriki cha Kenyatta, ikapata hati ya kujitegemea mwaka 2013. Nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa kupitia chini ya bahari mwaka 2009. Kwa hiyo kisingizio cha umbali na cha intaneti hakina nguvu tena. Swali lililobaki ni hili: tukimfundisha kijana kutengeneza programu za wavuti, tunampima kwa nini?

Mradi wa mwaka wa mwisho mnaujua. "Mfumo wa Usimamizi wa Hospitali." Asipotengeneza huo, ni wa maktaba. Umeandikwa kwa PHP na MySQL ndani ya XAMPP, unaonyeshwa kwenye laptopu siku moja, alama zinatolewa, mradi unazikwa. Hakuna muuguzi aliyewahi kuufungua.

Tatizo si PHP, jamani. Lugha hiyo ya mwaka 1995 bado inaendesha Wikipedia. Tatizo ni kwamba programu ya wavuti ambayo haijatoka kwenye laptopu ya mwenyewe haijakutana na wavuti.

Chukua malipo. M-Pesa ilianza Machi 2007, na mwaka 2017 Safaricom ikafungua Daraja ili programu zetu ziweze kuzungumza nayo. Sasa tuseme mwanafunzi anamtengenezea mama karanga wa Mayungu mfumo wa kupokea oda za samaki kutoka Malindi mjini. Anaandika msimbo wa STK Push, anatuma ombi, anajibiwa ResponseCode 0. Anafurahi, anaandika IMELIPWA kwenye hifadhidata.

Hapo mama ameshaibiwa. Sifuri hiyo maana yake ni kwamba ombi limepokelewa, basi. Mteja hata hajaweka PIN. Jibu lenyewe huja baadaye, likitumwa kwenye anwani ya wavuti uliyoitaja katika ombi lako. Humo ndimo ResultCode ikiwa 0 pesa imelipwa, na ikiwa 1032 mteja ameghairi. Laptopu isiyo na anwani ya hadharani hailipati jibu hilo, na anayeishi ndani ya XAMPP anaweza kuhitimu bila kujua kwamba lipo.

Na maswali yanafuatana. Jibu lisipofika kabisa je? Likifika mara mbili, oda itahesabiwa mara mbili? Mhuni akiijua anwani yako na kutuma jibu la uongo, utamtambuaje? Maswali haya yanafundisha HTTP, hifadhidata na usalama kuliko muhula mzima wa kunakili slaidi.

Pendekezo langu ni hili:

1. Wiki za mwanzo, hakuna fremuweki. Mwanafunzi aone kwa macho yake ombi la GET na la POST, vichwa vyake, na kuki inavyosafiri. Laravel na React zitakuja, nazo zitaeleweka.

2. SQL aiandike kwa mkono. Kisha mwenzake ajaribu kuivunja fomu yake kwa kuchomeka SQL ndani ya sehemu ya jina. Akivunjiwa mara moja hatasahau.

3. Mradi ukae hewani kwa HTTPS angalau mwezi mmoja, ukitumiwa na mtu mmoja ambaye si mwanafunzi wala mhadhiri. Dereva wa tuktuk, fundi cherehani, kikundi cha akina mama, yeyote.

4. Mtumiaji huyo ahojiwe siku ya kutoa alama.

Najua mtasema gharama. Seva moja ndogo ya Linux inatosha darasa zima, kila kundi likipewa kikoa chake kidogo. Mtasema wanafunzi ni wengi. Wagawe wanne wanne. Mtasema ni hatari kushika nambari za simu za watu. Kweli kabisa, na ndiyo maana wafanye wakiwa bado wana mwalimu pembeni. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 itawangoja nje ya geti, na haitauliza nani alikuwa mwanafunzi.

Kuna sababu nyingine. Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022, fomu ya kuingia na ukurasa wa ripoti ni kazi ya dakika chache. Msimbo peke yake hauthibitishi tena kwamba mtu anajua. Hata kabla ya hapo miradi ilikuwa ikinunuliwa. Lakini muuza miradi hatapokea simu ya mama karanga saa kumi na mbili asubuhi, oda zikiwa hazionekani na samaki wakianza kuharibika. Atakayeipokea, akasoma kumbukumbu za seva, akapata kosa na kulirekebisha, huyo ni mtengenezaji programu, awe alisaidiwa na mashine au la.

Mpeni huyo alama. Anayeonyesha skrini nzuri kwenye laptopu, mwambieni arudi akishapata mtumiaji.

Mwaonaje?