Mtunza vitabu na wenzake

Kati ya mtoto na mtu mzima yuko mtu wa tatu, naye huwasumbua sawasawa wazazi, walimu na watunza maktaba. Ndiye kijana wa miaka 12 hata 18. Ukimpa kitabu cha watoto, aona umemdharau. Ukimpa kitabu cha wazee, asoma ukurasa wa kwanza, asoma wa pili, kisha akirudisha kwa adabu, na tangu siku ile humwoni tena mlangoni. Si kwamba hapendi kusoma. Hakuna aliyemjua.

Katika miji ya Marekani shida hiyo ilionekana mapema, kwa sababu maktaba zao zilikuwa na chumba cha watoto na chumba cha watu wazima, na katikati hapakuwa na kitu. Kijana alitoka upande huu asifike upande ule. Mwaka 1919 maktaba ya New York ilimpa Bibi Mabel Williams kazi ya kuangalia mambo ya shule na ya vijana. Mwaka 1925 maktaba ya Cleveland ilifungua chumba cha vijana wenyewe, ikakiita kwa jina la Robert Louis Stevenson, yule mtungaji wa hadithi za safari na hazina. Basi vyumba vikaanza kupatikana. Lakini chumba si shida kubwa. Seremala akikaa siku chache na mbao zake, rafu zimekwisha. Shida ni mtu wa kukaa ndani.

Hapo yafaa tumtaje Bibi Margaret Edwards wa Baltimore. Alizaliwa mwaka 1902, akafundisha shule kwanza, na mwaka 1932 akaingia katika maktaba kubwa ya mji ule, iitwayo Enoch Pratt. Huyo hakuwa mtu wa kungoja. Wakati wa vita kuu ya pili alitengeneza gari la vitabu lenye kukokotwa na farasi, akalipeleka katika mitaa ya maskini, mahali ambapo watu hawakuwa na desturi ya kupanda ngazi za maktaba. Alikwenda na shuleni pia, akisimama mbele ya darasa na vitabu mkononi, akisimulia habari ya kimoja mpaka vijana wakataka kujua mwisho wake, kisha akanyamaza. Mwisho watausoma wenyewe!

Lakini jambo lililomletea sifa zaidi katika kazi ni namna yake ya kuwafundisha wasaidizi wapya. Aliwapa orodha ya vitabu 300. Wavisome vyote. Na wasivisome kwa mtihani wa karatasi: kila walipokwisha kusoma kumi, waliketi naye wakazungumza, kitabu kwa kitabu. Huyu kijana mpenda mpira, utampa kipi? Na yule msichana ambaye mama yake amekufa? Akikuambia hakipendi, utampa kipi cha pili? Wengine walinung'unika, na kweli vitabu 300 ni mzigo kwa mtu mwenye kazi ya mchana. Hata hivyo mimi naona Bibi Edwards alikuwa na haki. Mwenye duka asiyejua ladha ya unga wake atauza, naam, kwa sababu watu wana njaa. Lakini kijana hana njaa ya vitabu mpaka mtu amwonjeshe. Asiyesoma hawezi kuonjesha.

Sasa tazameni hesabu. Katika nchi kama ile vitabu vipya vya vijana hutoka kwa mamia na mamia kila mwaka. Mtunza vitabu wa mji mdogo yuko peke yake. Mchana apokea wageni, jioni apanga rafu, na fedha za kununulia ni chache. Akinunua kitabu kibaya, fedha imepotea. Akiacha kitabu chema, kijana mmoja amepotea labda. Atajuaje? Kidole kimoja hakivunji chawa. Hiyo ndiyo sababu ya chama.

Chama kikubwa cha watunza maktaba wa Marekani kilianzishwa mjini Philadelphia mwaka 1876. Watu 103 walikutana, wanaume 90 na wanawake 13. Wale wa vijana walikaa miaka mingi kama wageni ndani ya chama hicho, wakikutana pembeni, mpaka mwaka 1957 wakapata tawi lao wenyewe. Tangu miaka ya 1990 hivi tawi hilo limejulikana kwa herufi zake, YALSA.

Watu husikia neno chama, nao hufikiri mara moja juu ya mchango wa mwaka, kadi, na hotuba ndefu. Hayo yapo, sikatai. Lakini moyo wa chama hiki ulikuwa halmashauri za kusoma. Watu wachache walichaguliwa, mmoja wa shule ya kijijini, mwingine wa mji mkubwa, mwingine wa pwani ya mbali. Walipokea vitabu kwa masanduku, wakavisoma nyumbani usiku, bila mshahara wa kazi hiyo, wakaandika maoni yao. Kisha walikutana na kubishana. Mmoja husema: kitabu hiki ni kizuri. Mwenzake huuliza: kizuri kwako wewe, ama kwa kijana? Neno hilo peke yake laweza kula saa nzima. Mwishoni hupiga kura, na orodha hupelekwa kwa wale ambao hawakuweza kuja, yaani kwa mtunza vitabu wa mji mdogo tuliyemtaja. Kulikuwa na orodha ya hadithi bora, na nyingine ya vitabu kwa vijana wasiopenda kusoma, nayo kwa maoni yangu ina faida kubwa kuliko zote, maana mpenda kusoma hujitafutia mwenyewe.

Tena walifanya jambo la busara: katika mkutano wa orodha ya vitabu bora waliwaita vijana wa mji ule waje kusema. Vijana hawakuficha. Kitabu kilichosifiwa na wakubwa kwa maneno matamu, msichana mmoja aweza kusimama na kusema kwamba kimemchosha, naye kueleza kwa nini. Na wakubwa wakaandika.

Juu ya tuzo nitasema kwa ufupi, kwa sababu magazeti huzisema za kutosha. Mwaka 1988 wa kwanza kupokea tuzo iitwayo sasa kwa jina la Margaret Edwards alikuwa S. E. Hinton, mwanamke wa Tulsa, aliyeanza kuandika hadithi yake ya vijana wa mitaani akiwa na miaka 15; ilichapwa mwaka 1967. Wachapaji waliweka herufi tu mahali pa majina yake, wahakiki wasijue kwamba mwandishi ni msichana. Mwaka 2000 ilianza tuzo ya Michael Printz, mtunza maktaba ya shule katika mji wa Topeka. Ya kwanza ilimwendea Walter Dean Myers, kwa hadithi ya kijana mweusi wa miaka 16 aliye kizuizini, akihukumiwa kwa mauaji. Wazazi wengine hawakuifurahia. Lakini vijana waliisoma.

Sasa nafika mahali pagumu. Tumesema chama ni watu kusaidiana. Je, watu gani?

Bwana Enoch Pratt alipoutolea mji wa Baltimore maktaba yake, alitaka iwe ya wote, matajiri na maskini, bila kutazama rangi. Watu weusi waliingia na kusoma. Lakini kusoma vitabu ni jambo moja, na kuvitunza kwa kazi ni jambo jingine. Maktaba ile ilikuwa na darasa lake la kuwafundisha wasaidizi, na darasa lilifungwa kwa weusi. Bibi Louise Kerr, mwalimu kijana, aliomba kuingia, akakataliwa kwa ajili ya rangi tu. Akapeleka shauri lake mahakamani. Alishindwa kwanza, mwaka 1945 mahakama ya rufani ikamwamulia haki. Tafadhali fikirini: nyumba ni ileile, miaka ni ileile, ya farasi na gari lake la vitabu katika mitaa ya maskini. Wema na ubaya walikaa chini ya paa moja, wala hawakuamkiana.

Na chama chenyewe? Mwaka 1936 kilifanya mkutano wake mkuu mjini Richmond, upande wa kusini. Watunza maktaba weusi walialikwa kama wengine. Lakini walitengewa viti vyao mahali pao. Mikutano yenye chakula hawakuweza kuketi, na vyumba katika hoteli za mkutano hawakupata. Mtu aweza kusema kwamba ndivyo sheria ya mahali ilivyokuwa. Ndivyo. Lakini mezani ndipo watu wa kazi moja huambiana mambo ya kweli: kitabu gani kimewafaa vijana, mkubwa gani wa mji ameombwa fedha akatoa. Aliyenyimwa kiti mezani amenyimwa chama, hata akiwa na kadi mfukoni. Kelele zilipigwa, na chama kikaamua kutokutana tena katika miji yenye ubaguzi wa namna ile. Kazi haikuishia hapo. Vyama vya majimbo ya kusini viliendelea kuwafungia weusi mlango, mpaka mwaka 1964 E. J. Josey, mtunza maktaba ya chuo huko Savannah, akasimama katika mkutano wa St. Louis akataka azimio: wakubwa wa chama kikuu wasihudhurie kwa kazi yao mikutano ya vyama vinavyobagua. Azimio likapita. Mwaka uliofuata chama cha jimbo lake kikampokea. Kabla yake hakikuwa kimempokea mweusi hata mmoja.

Waweza kuuliza, hayo yote yamhusu nini kijana anayetafuta kitabu? Yamhusu sana. Mwaka 1969 mkutano mkuu ulifanyika Atlantic City. Bibi wawili weusi, Glyndon Greer na Mabel McKissick, wote watunza maktaba za shule, walikutana mbele ya meza ya mchapaji mmoja, John Carroll. Hawakuja kwa shauri hilo. Walikuwa wakipita na kutazama vitabu, kama wafanyavyo watu wote katika mikutano hiyo. Wakaanza kusema kwamba tuzo kubwa mbili za vitabu vya watoto zimekuwako miaka mingi, na mpaka siku ile hakuna mtungaji mweusi aliyezipata. Mchapaji akawasikia, akauliza: mbona msianzishe yenu?

Wakaianzisha, wakaipa jina la Coretta Scott King, mjane wa Martin Luther King aliyeuawa mwaka uliotangulia. Hawakuwa na fedha, wala chama kikuu hakikuitambua kwanza. Kiliipokea kuwa yake mwaka 1982 tu. Tuzo ya kwanza ilitolewa mwaka 1970, katika mkutano wa watunza maktaba wa New Jersey, kwa kitabu cha maisha ya King mwenyewe. Mtungaji wake, Lillie Patterson, alikuwa mwanamke mweusi, naye alikuwa mtunza maktaba katika shule za Baltimore.