Maji ya Doho Yasiwe Mali ya Mwenye Nguvu

Ndugu zetu wengi wa jeshi na polisi ni watoto wa wakulima, na siku ya kustaafu watarudi kwenye jembe. Kwa hiyo suala la maji ya kilimo lawahusu sawa na mkulima yeyote.

Tuchukue mashamba ya mpunga ya Doho, wilayani Butaleja. Serikali iliyajenga kati ya mwaka 1976 na 1989, nayo yana ukubwa wa hekta 1,000 hivi. Maji yake hutoka Mto Manafwa, uteremkao kutoka Mlima Elgon. Mto huo huleta pia udongo mwingi mno, kwa kuwa huko juu miteremko imelimwa hadi ukingoni. Udongo hutua katika mifereji. Na mfereji ukijaa tope, mkulima wa mwanzo hupata maji, na yule wa mwisho hutazama majaruba yake yakipasuka. Hapo ndipo ugomvi huanza. Usiku mtu hufungua lango isipokuwa zamu yake, asubuhi majirani wameshika mapanga, na polisi huitwa.

Kwa maoni yetu, polisi amkamataye mwenye panga peke yake amefanya nusu ya kazi. Amtafute pia aliyefungua lango. Zamu za maji hupangwa na wakulima wenyewe, nazo zastahili heshima. Tena lisemwe bila kuficha: askari mwenye shamba akivaa sare ili apewe maji nje ya zamu, amewadhulumu wananchi anaopaswa kuwalinda. Alipe ada kama jirani yake, na siku ya kuzoa tope naye ashike koleo (sare aiache nyumbani, haifai topeni).

Huko mlimani, kanuni za mwaka 2000 zinakataza kulima kingo za mito bila kibali. Twajua si rahisi kumwondoa mtu asiye na shamba jingine. Ardhi ya Elgon ni haba na watu ni wengi. Lakini ukingo ulioachiwa miti na matete huzuia udongo, na mkulima wa bondeni huvuna. Ofisa wa polisi wa Bududa na mwenzake wa Butaleja wana wilaya mbili, lakini mto ni mmoja. Tungefurahi wakikutana kabla ya mvua za Machi.